Besi ya mtumba inapokoroma, kuvuma au kunyamaza: tafuta chanzo kabla ya kutoa hela

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani. Besi yenyewe ile pale nyuma ya kabati. Ila nisikufiche, imekufa. Fundi alisema pikapu zimeungua."

Hivyo ndivyo nilivyolipata gitaa la besi ninalolipiga hadi leo: nakala nyeusi ya Precision, modeli maarufu ya besi ya Fender, haina jina kichwani, nyuzi tatu badala ya nne, na vumbi limeganda hadi chini ya pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi. Nilikuwa nimebeba kebo, multimita ndogo ya fundi redio, rula na simu yenye tyuna ya kupimia noti. Dakika kumi zilinitosha kujua kwamba pikapu ni nzima na shingo haijapinda. Ugonjwa wake wote ulikuwa waya mmoja mweusi uliochomoka nyuma ya jeki, lile tundu la kuchomekea kebo.

Tangu siku hiyo nimefungua besi nyingi za bei ya chini, za makanisa, za bendi zilizovunjika, za vijana walioanza kujifunza wakaacha. Karibu zote zilikuja na neno lile lile, "imekufa". Neno hilo halimsaidii fundi. Besi ina shingo, nyuzi na umeme, na kila kimoja huugua kivyake na kina dalili zake. Umeme wa besi ya kawaida ni vipande vichache tu, vyote vinabadilishika. Kinachoua besi kweli ni shingo, kwa hiyo tuanze nayo.

Unapokwenda kununua: shingo kwanza

Usichomeke kebo bado. Inua besi, weka jicho kichwani na utazame kuelekea mwilini, ukifuata ukingo wa shingo upande wa uzi mnene, kisha upande wa uzi mwembamba, kama seremala anavyokagua ubao. Upinde mdogo wa kuelekea mbele usikutishe. Nyuzi nne za kawaida zikishatyuniwa huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 80. Unachokitafuta ni kingo mbili zisizofanana. Upande mmoja ukiwa umenyooka na mwingine umepinda, shingo imejisokota. Hapo aga vizuri, uondoke. Ndani ya shingo kuna nondo ya chuma inayorekebisha upinde, lakini msokoto haiuwezi, na gharama ya shingo mpya mara nyingi inazidi bei ya besi nzima.

Kisha muombe mwenye mali ruhusa ya kuigusa nondo. Kichwa chake kiko kichwani mwa gitaa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, au mwisho wa shingo karibu na pikapu. Tafuta spana ya L inayokaa barabara, maana ikicheza itakula pembe na tundu litaharibika. Legeza kidogo sana, chini ya robo mzunguko, kisha rudisha. Ukihisi inashika pande zote mbili, nondo ni hai. Ikizunguka ovyo bila kushika chochote, huenda imekatika. Ikigoma kabisa, usiilazimishe kwenye gitaa la mtu.

Sasa multimita. Kama besi haitumii betri, chomeka kebo kwenye jeki, fungua volyumu yote, weka mita kwenye kilo-omu, kisha gusa ncha ya plagi ya upande wa pili na shina lake. Besi nzima ya aina hii yenye pikapu moja husoma kati ya kilo-omu 6 na 12 hivi; yenye pikapu mbili zilizofunguliwa pamoja husoma chini ya hapo. Mita isiposoma kitu, kuna waya uliokatika mahali, na mara nyingi ni kwenye jeki. Ikisoma sifuri, kuna mahali waya mbili zinagusana. Pikapu ya kawaida haipelekewi umeme wowote. Ni sumaku na waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Waya huo unaweza kukatika au kuliwa na kutu, lakini "kuungua" kama spika si jambo la kawaida. Yule mzee alikuwa ameambiwa kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Besi yenye betri, kama Ibanez GSR200, usiipime hivyo. Nenda na betri yako mpya ya volti 9 na uisikilize kwenye ampu, kile kikuza sauti.

Inakoroma

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa zaidi, na ndilo linaloharibiwa zaidi na haraka ya kushika tupa. Usiguse freti yoyote, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kwa tupa kabla hujajua inakoromea wapi. Weka nyuzi ambazo hazijachakaa, tyuni vizuri, kisha piga kila freti kwenye kila uzi polepole, ukiandika kwenye karatasi mahali inapokoroma. Ramani hiyo ndiyo itakayokuambia chanzo.

Ikikoroma kuanzia freti ya 1 hadi ya 5 hivi na juu ikawa safi, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kinyumenyume. Hakikisha hivi: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono mwingine. Uzi umekuwa rula. Tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Mimi napenda nione kama milimita 0.3, unene wa kadi ya biashara. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, na ikipita hapo bila kuugusa uzi, shingo imepinda mno kuelekea mbele. Uzi ukilala juu ya freti zote bila nafasi yoyote, umepata jibu la mkoromo wako: legeza nondo.

Kukaza ni kufuata mshale wa saa ukiwa umekitazama kichwa cha nondo, na huko ndiko kunyoosha shingo. Kulegeza ni kinyume chake, na huruhusu nyuzi ziivute mbele. Robo mzunguko kwa mara moja, isizidi. Tyuni upya, pima upya. Mbao huchukua muda kutulia, kwa hiyo mimi huiacha usiku kucha kabla ya kuamua robo ya pili. Nondo iliyokaa miaka bila kuguswa, kabla ya kuikaza legeza nyuzi kwanza ili isipigane na mzigo wote.

Ikikoroma kuanzia freti ya 12 kwenda juu, chanzo kwa kawaida ni vikalio, vile vipande vinne ambavyo kila uzi hukalia kwenye briji, chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa. Kila kimoja kina skrubu mbili ndogo za kupandisha na kushusha. Bonyeza freti ya kwanza, kisha pima kwa rula kutoka juu ya freti ya 17 hadi chini ya uzi. Milimita 2.4 kwa uzi mnene na 2 kwa uzi mwembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Anayepiga kwa nguvu ataongeza kidogo, na hapo hakuna sheria. Kama skrubu zimeshikwa na kutu, tone la mafuta mepesi na subira ya siku nzima. Nyingi huvunjwa na mtu mwenye haraka.

Ikikoroma noti moja tu, au freti moja kwenye nyuzi mbili zinazofuatana, tafuta freti inayofuata iliyoinuka. Chukua ukingo mnyoofu wa kadi ya benki, ulaze juu ya freti tatu kwa pamoja. Ukicheza kama mbao ya bembea, freti ya katikati imepanda. Mara nyingi imeng'oka tu upande mmoja. Weka kipande cha mbao juu yake, gonga taratibu kwa nyundo ndogo, tone dogo la gundi ya haraka ubavuni, bana hadi ikauke. Tupa ni ya mwisho, na hata hapo peleka kwa mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Na ikikoroma uzi ukiwa wazi tu, ila ukibonyeza freti ya kwanza panakuwa safi, tatizo ni kizingiti, kile kipande chembamba mwanzoni mwa shingo chenye mifereji minne. Mfereji umelika, uzi umekaa chini mno. Kwenye besi za bei ya chini kizingiti ni plastiki laini, hata nyuzi zenyewe huichimba. Duka zuri la vipuri vya magitaa si rahisi kulipata, lakini mali ghafi tunayo tele. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukaisha mafuta na kukauka vizuri hutengeneza kizingiti bora kuliko kile kilichotoka kiwandani. Mpingo nao unafaa. Mimi vipande vyangu huvichukua kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, mabaki ambayo wao hayawafai tena. Mti ule ule unaopelekwa nje kutengenezea klarineti umelala chini kwenye vumbi la karakana, nami naondoka na kipande kinachojaa kiganja. Pima upana wa kile cha zamani kabla ya kukitupa: Precision za kawaida ni karibu milimita 41, Jazz, modeli nyingine ya Fender, ni 38. Chonga mifereji kidogo kidogo. Ukikata kina kupita kiasi unaanza kipande kingine.

Iko sawa chini, juu noti zimepotoka

Kwanza uliza nyuzi zina umri gani. Uzi uliolika chini, penye kugusana na freti, hauwezi kutoa noti iliyonyooka hata ufanye nini kwenye briji. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, anakumbukwa kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike, na wengi husema hilo kujitetea. Ila nyuzi zake zilikuwa nene na bapa, hazina mikunjo ya kubeba jasho na uchafu. Zetu za mikunjo huoza.

Seti mpya inauma mfukoni, najua. Kwa hiyo wengi tunazichemsha: zivue, zizungushe kwa ulegevu, ziweke kwenye maji yanayochemka dakika kama kumi, zifute na zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Mlio unarudi kwa wiki kadhaa. Uzi wenye kutu au uliopinda kwa pembe, hata ukiuchemsha siku nzima, ni wa kutupa.

Nyuzi zikiwa nzima, linganisha. Gusa tu uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza na upige upate ile sauti ya kengele, kisha bonyeza freti ya 12 hiyo hiyo. Tyuna isome sawa. Ikipanda ulipobonyeza, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikishuka, kisogeze mbele. Kama kuna aliyevuruga vikalio vyote, anza na rula: kwenye besi ya kawaida yenye urefu wa inchi 34, kuna sentimita 43.2 kutoka kizingiti hadi freti ya 12. Weka kikalio cha uzi mwembamba sentimita 86.4 kutoka kizingiti, vingine virudi nyuma kidogo kwa kadiri uzi unavyonenepa, halafu malizia kwa tyuna. Kama tyuna ya simu haiusomi uzi mnene ukiwa wazi, itumie ile sauti ya kengele ya freti ya 12.

Haikai kwenye tyuni

Watu hukimbilia kulaumu funguo, vile vya kukazia nyuzi kichwani. Tazama kwanza uzi ulivyozungushwa. Mizunguko miwili au mitatu, ikishuka chini kuelekea mbao, ndiyo inayoshika. Mzunguko mmoja huteleza, na sita hujipanga ovyo. Ukisikia "tik" wakati wa kutyuni, uzi unakwama kwenye kizingiti: pitisha ncha ya penseli kwenye mfereji, ule unga mweusi unalainisha. Baada ya hapo ndipo ukaze skrubu ndogo za funguo.

Kimya, au sauti inakatika

Chomeka kebo na uitikise pale pale kwenye jeki. Ikikwaruza na kukatika, badilisha kebo kwanza. Ni jambo la aibu kufungua gitaa zima kumbe kebo ndiyo mbovu. Kebo ikiwa nzima, toa kibati cha jeki. Humo ndani kuna ulimi wa chuma unaopaswa kubana ncha ya plagi. Ukilegea, uvute ndani kidogo kwa koleo ndogo. Na nati ya nje ikilegea, jeki yote huzunguka kila unapochomeka, ikizisokota waya hadi moja ikatike. Ndilo lililoipata besi ya yule mzee. Niliilehemu upya waya ile nyeusi, ya ardhi, kwenye mguu wake, nikaweka washa ya meno chini ya nati ili isizunguke tena. Lehemu iliyoshika vizuri inang'aa na kulala kwenye mguu kama maji. Ikiwa ya kijivu na imejikunja kama shanga, rudia.

Besi yenye betri ikianza kutoa sauti nyembamba, iliyochanika, pima betri. Ikiwa chini ya volti 8, weka mpya. Kumbuka pia kwamba kwenye besi hizo jeki ndiyo swichi: ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, betri inaliwa hata kama ampu imezimwa.

Kwenye pikapu ya Precision iliyogawanyika vipande viwili, nyuzi mbili zikisikika na mbili zikawa kimya, kipande kimoja kimepata shoti. Tazama waya fupi inayounganisha vipande hivyo.

Inavuma

Shika nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua, mambo ni ya kawaida: mwili wako ulikuwa unabeba mvumo, sasa umeunganishwa na ardhi ya ampu. Ukibaki vile vile, ile waya ya ardhi iendayo kwenye briji imekatika. Fungua skrubu za briji, utaikuta chini, mara nyingi imelala tu bila kugusa chuma. Ukiongezeka unaposhika, waya mbili za jeki zimegeuzwa, badilishana.

Besi ya aina ya Jazz, yenye pikapu mbili, huvuma ukifungua moja peke yake na kutulia ukifungua zote sawa. Si ugonjwa. Pikapu hizo kwa kawaida zimezungushwa kinyume ili zifutane mvumo. Na ikiwa mvumo unabadilika ukigeuka kulia au kushoto, chanzo kiko nje ya besi: taa za mrija, chaja ya simu, au umekaa karibu mno na ampu.

Sasa jambo la uhai. Ukipiga besi huku unaimba, mdomo ukagusa maikrofoni ukasikia umeme, acha, zima kila kitu. Nyuzi zako zimeunganishwa na chuma cha ampu. Ampu isiyo na ardhi, au plagi iliyokatwa pini, inaweza kuufanya mkono wako na mdomo wako kuwa njia ya umeme wa volti 230. Ule mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la ardhi ili plagi ya pini mbili iingie ndio chanzo cha mengi. Ampu na mikisa zitoke kwenye soketi zenye ardhi ya kweli, na ardhi hiyo akaipime fundi umeme. Usikate waya ya briji kama dawa. Hapo utakuwa umeficha dalili tu.

Sauti kama imefunikwa blanketi

Nililetewa besi moja ya kanisa. Ilikuwa inakwaruza ukizungusha volyumu, ikapelekwa kwa fundi, ikarudi haikwaruzi tena lakini haina mlio. Nilifungua kifuniko na kusoma mgongo wa volyumu mpya: 10K, yaani kilo-omu 10. Kwa redio, hiyo ni sawa. Besi isiyo na betri inahitaji 250K. Ukiweka ndogo sana, sauti kali zote zinamwagika ardhini na kubaki ngurumo. Besi za betri ni kinyume, zenyewe hutumia 25K au 50K. Kwa hiyo soma namba ya ile ya zamani kabla hujaitupa, na uiandike. Herufi A mbele ya namba ndiyo ninayoipendelea kwenye volyumu, inapanda taratibu kama sikio linavyosikia.

Na mara nyingi huna haja ya kubadilisha. Mkwaruzo ni uchafu. Nyunyizia dawa ya kusafishia swichi kwenye kitundu cha volyumu, zungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Usitumie mafuta ya cherehani, yanakusanya vumbi.

Tundu la skrubu ya mkanda likipanuka, jaza vijiti vya meno vyenye gundi ya mbao, kata usawa, acha ikauke hadi kesho, funga. Kutu ya juu juu ya briji, ambayo sisi wa pwani tunaishi nayo, hutoka kwa brashi ya meno na mafuta kidogo.

Noti moja inayokufa

Utapata, kwenye besi nyingi, noti moja inayopigwa ikazimika upesi wakati jirani zake zinaendelea kulia. Kwa kawaida iko uzi mwembamba, kati ya freti ya 5 na ya 7. Freti haina kosa, pikapu haina kosa. Shingo yenyewe inatikisika kwa mwendo wa noti ile na kuinyonya nguvu. Hata besi za bei kubwa zinayo. Uzito ukibanwa kichwani mwa gitaa unaweza kuihamisha kidogo, lakini usilipe hela kwa mtu anayekuahidi kuiondoa.

Ya kwangu iko freti ya 5 ya uzi wa G, ile C. Naipiga freti ya 10 ya uzi wa D.